Jicho la Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya fundi cherehani wa mlango wa pili. Jana aliniona nikiingiza sanduku la kamera mpya studio akasema, "Mama Picha, kabla mvua hazijakatika utakuwa umejuta." Nikamwambia nitaandika faida na hasara zake mpaka mvua ziishe, kisha nitampa asome mwenyewe. Anadhani mimi ni wa maneno matupu. Basi naanza.

Faida ya kwanza, ni nyepesi. Ile ya zamani, yenye kioo ndani kinachoruka kila ukibonyeza, imenipinda shingo miaka kumi na mmoja. Hii haina kioo. Ukichungulia unakuta kiruninga kidogo kinachokuonyesha picha kabla hujaipiga: kama itakuwa na giza unaliona giza, kama itakuwa ya njano unaiona njano. Faida ya pili, inatafuta macho yenyewe. Kijisanduku cha kijani kinaruka usoni mwa mtu, kinakamata jicho, na hata akitingisha kichwa hakimwachii. Faida ya tatu, inaweza kupiga bila mlio wowote. Sauti nimeizima leo hii hii.

Hasara ni bei. Hiyo siiandiki, daftari linaweza kusomwa.

Mdogo wangu aliipokea, akaizungusha, akaipapasa pande zote kama anayechagua viazi sokoni. Akaniuliza, "Na hii, dada, inasemaje ikipiga?" Nikacheka, nikamwambia haisemi kitu. Akanirudishia.

Jumanne, 5 Machi

Leo nilimkalisha mdogo wangu kitini nimjaribie lenzi ndefu. Nilipiga jicho lake la kulia peke yake. Kwenye kompyuta nikalikuza, nikalikuza tena, nikaweza kuhesabu kope moja moja, hata ile iliyojikunja. Kwa ile ya zamani ungeona ukungu tu. Nimelichapisha kubwa, upana wa mikono miwili, nikalibandika dirishani na chini yake maneno: HAPA TUNAONA KILA KITU. Fundi amesema anaogopa kupita akiwa na shati lililochanika.

Alhamisi, 7 Machi

Hasara: betri. Ile ya zamani ilikaa siku mbili. Hii ilikata roho saa tisa, bibi mmoja akiwa ameshakaa, ameshapaka na poda.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi akilisoma hili hatajua tunavyofanya kazi, kwa hiyo nieleze. Mimi napiga. Mdogo wangu anashika taa. Taa yetu si ya kusimama yenyewe, ni ya kushika mkononi, na yeye anazunguka nayo: picha ya kwanza mbele, ya pili kushoto, ya tatu juu kidogo. Hapo ndipo anapotia mzaha wake, mteja akidhani tumemaliza, uso ukilegea, nami napiga ya nne. Ya nne ndiyo wanayoichagua wote. Tumefanya hivyo miaka kumi na saba, tangu mama afariki nikamwita aje tushirikiane. Sina mume wala mtoto, na sioni haya kuliandika hilo. Nina yeye, na tunakula mchana pamoja nyuma ya pazia.

Leo taa yake ilikuwa hovyo. Nilipiga ya kwanza, hakusogea. Nikapiga ya pili, bado mbele. Kisha akasogea katikati ya ya tatu na kumtia mteja kivuli cha pua mpaka kidevuni. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema amelala.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Wateja wawili, wote wa pasipoti.

Alhamisi, 14 Machi

Hasara niliyokuwa siitazamii: inaona mno. Mwalimu mmoja wa kike alikuja na mumewe kupiga picha ya miaka ishirini ya ndoa. Nilipowaonyesha akasogea karibu na skrini, akasema, "Mama Picha, umenizeesha." Nikamwambia kamera ndiyo ilivyoona. Mumewe akakosea, akasema mbona iko sawa tu. Waliondoka hawasemezani, na picha hawakuchukua.

Mdogo wangu naye amevuruga tena. Mzaha ameutia mapema, kabla sijapiga hata moja, na baada ya hapo akasimama na taa yake anatazama pembeni, hasogei. Nimeanza kufikiri anafanya makusudi. Hajaipenda kamera tangu siku ya kwanza. Watu wengine mwenzao akipanda ngazi wao wanaitikisa.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Tumekula bila kuongea.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika haya kwa hasira.

Asubuhi walikuja watu wa familia moja, tisa kwa jumla, na watoto wao wamevalishwa vizuri. Nilikuwa nimeweka lenzi fupi kwenye meza ndogo karibu na pazia. Mdogo wangu alipita na taa akaigonga meza, lenzi ikaanguka sakafuni. Haikuvunjika kioo, lakini pete ya mbele imepinda. Nilijizuia kwa sababu ya wageni. Nikawapanga, nikaanza kupiga. Ya kwanza, hakusogea. Nikasema, "Kushoto." Akaenda kushoto, akapita, taa ikaanguka kwenye ukuta, na watoto wale wote tisini wakabaki gizani. Ndiyo, najua hawakuwa tisini. Ndivyo nilivyowaona.

Hapo nikasema. Nilisema mbele ya watu wote wale, "Mashine hii haina roho lakini inaona macho ya watu yenyewe. Wewe una macho yako mawili na hujui taa imeangukia wapi."

Mtoto mmoja alicheka. Mdogo wangu akaizima taa. Akaukunja waya wake taratibu, zamu kwa zamu, anavyofanya kila jioni, akaiweka chini ya kiti, akachukua koti lake msumarini. Akasema, "Sawa, dada." Akatoka kwenye mvua.

Nilimaliza kazi kwa mwanga wa dirishani. Picha zimetoka kali, kila kope. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Jumanne, 19 Machi

Hajaja.

Jumatano, 20 Machi

Hajaja. Simu yake inaita, haipokelewi. Nilichemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea.

Jumamosi, 23 Machi

Fundi alileta kiti chake kibarazani kwangu akajifanya amekimbia mvua, wakati kibaraza chake ni kikubwa kuliko changu.

"Mdogo wako simwoni."

"Amepumzika."

"Hm. Mapumziko ya kuondoka na koti." Akashona kifungo kimoja kizima kabla hajaendelea. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nakwenda kulima, Mama Picha, wewe baki na hasira zako."

Nilimjibu kwamba sina hasira, nina kazi nyingi. Tulikuwa tumekaa hapo tangu saa nne na hakuna mteja aliyeingia.

Alhamisi, 28 Machi

Nimenunua stendi ya taa. Inasimama pale unapoiweka. Hiyo niiandike faida, maana stendi haikununii.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeambiwa yuko kwenye mashine ya kusaga nafaka, ile nyuma ya soko. Anasaga. Mtu aliyeniambia alisema amekuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Nilimjibu vizuri kwamba kila mtu na riziki yake. Sitakwenda. Aliyetoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake, na akirudi atanikuta.

Jumanne, 2 Aprili

Niseme ukweli kuhusu stendi. Haisemi chochote. Leo nilijaribu kutia mzaha mwenyewe kwa kijana wa kitambulisho. Nilimwambia aufikirie uso wa mjomba wake akila limau. Akaniambia mjomba wake alifariki Januari.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku mbaya kuliko zote tangu nianze kazi hii. Nitaiandika yote.

Shule ya msingi ya upande wa juu ilikuwa na sherehe ya kuwaaga waliomaliza, iliyokuwa imeahirishwa. Mwalimu mkuu aliniita mimi kwa sababu alisikia kamera yangu haipigi kelele, na mwaka jana mgeni rasmi alikatizwa hotuba na mlio wa mpiga picha mwingine. Nilikwenda peke yangu, begi moja begani na moja mkononi, mvua ikiniingia shingoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini nilijiambia nina mashine yenye vidole vingi.

Ukumbi wao wamebadilisha taa. Wameweka zile nyeupe za kisasa zisizokula umeme. Nilifurahi, nikaona mwanga wa kutosha, nikaacha sauti imezimwa kama walivyotaka. Nilipiga watoto sitini na wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akipokea cheti na kumpa mkono mgeni. Hakuna aliyenisikia. Mama mmoja aliniuliza nitaanza saa ngapi. Katikati ya shughuli nilitupia jicho skrini mara mbili tatu, nikaona nyuso, nikaona vyeti, nikaendelea.

Nyumbani nikafungua kompyuta. Michirizi. Kila picha ina mistari mipana ya kiza inayolala toka upande hadi upande, mmoja kwenye paji la uso, mmoja kifuani, mmoja kwenye cheti. Nikafungua ya pili, ya kumi, ya hamsini. Zote. Nimesoma mpaka macho yameuma, na sasa naelewa: taa za namna ile zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na kamera ikipiga kimya inaisoma picha mstari kwa mstari toka juu hadi chini. Mstari ukisomwa taa ikiwa imezima, unatoka na kiza. Ningepiga kwa sauti, kwa kile kipazia cha chuma cha ndani kinachotoa mlio, yasingetokea. Ni mpangilio mmoja tu, ukurasa wa pili wa orodha ya mipangilio ya kamera.

Watoto sitini na wanne. Siku ile hairudi. Nilifunika kompyuta nikakaa na mikono mapajani, na nikagundua nilikuwa nangoja mtu aniambie, "Sasa tunafanyaje, dada?" Hakuna aliyesema. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza bila kumung'unya maneno. Alizitazama zote kwa utaratibu, akasema, "Wanaonekana kama wamefungiwa." Nimekubaliana naye kuwapiga upya shuleni, nje, mvua ikipumzika, wakivaa sare na vyeti mkononi. Watakaokuja. Wengine wamekwisha kuhamia kwa jamaa zao.

Ijumaa, 12 Aprili

Waliokuja arobaini na mmoja. Nilipiga kwa sauti. Walipousikia ule mlio walisimama wima wenyewe, na baada yake wakapumua. Sikuwahi kuona kabla kwamba watu wanaungoja.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua wiki nzima. Ukungu umeanza kuota kwenye lenzi za zamani, kama nyuzi za buibui ndani ya kioo. Nimezitia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mkaa mkavu. Kazi ya kubadilisha mkaa ilikuwa ya mdogo wangu. Sikuwa najua ni kila siku tatu.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakuna mteja. Fundi ameniuliza kama nimejuta. Nimemwambia mvua bado zipo.

Jumatano, 24 Aprili

Saa nane mchana aliingia mwanamke aliyevaa koti la mvua juu ya sare nyeupe. Alitaka picha nne za kitambulisho. Alikaa, nikampiga, akalipia, nikaingia kuchapisha. Nilipotoka na bahasha nikamkuta yuko nje kwenye mvua, amesimama mbele ya dirisha.

"Mama," akasema, "huyu mwenye jicho hili ni nani?"

Nikaanza hadithi yangu ya lenzi na kope. Akanikata kwa adabu.

"Samahani. Mimi ni muuguzi wa macho hospitali ya mkoa. Nauliza kama amekwisha kuonwa."

"Kuonwa na nani?"

"Na daktari." Akaweka kidole kwenye kioo, katikati kabisa ya jicho. "Angalia mboni. Inatakiwa iwe nyeusi. Hii ni ya kijivu, na hapa katikati imeshakuwa kama maziwa. Huyu ana mtoto wa jicho, tena amekomaa. Kwa jicho hili atakuwa anaona kivuli na mwanga, basi. Na mara nyingi la pili halibaki nyuma sana."

Nilimwambia kwamba ule weupe ni taa yangu imejiakisi. Akasema taa ile pale, akanionyesha kijidoa kidogo cha pembeni. Taa ilikuwa pale pembeni kweli. Nilikuwa nimeitazama picha ile kila siku tangu Machi, kila nikifungua mlango, na nilikuwa natazama kope.

Akaniambia linatibika, wanalitoa kwa muda mfupi na mtu anarudi nyumbani, ila asicheleweshwe, likizidi kukomaa yanakuwa mengine. Akaniandikia siku za kliniki nyuma ya bahasha yake mwenyewe. Alipokwisha kwenda niliibandua ile picha. Maneno ya chini yalikuwa yamegandia kioo, nikayakwangua kwa kisu.

Nimekaa. Narudia kila kitu toka mwanzo. Meza aliyoigonga ilikuwa upande wa kulia. Kwa ile kamera ya zamani hakukosea hata siku moja. Ililia mara moja, akaenda kushoto. Ikalia tena, akainua. Miaka mitatu, minne, sijui mingapi, mdogo wangu amekuwa akifanya kazi kwa masikio, na mimi nikaizima sauti kwa kuwa imenichosha. Kisha nikamwambia yale niliyomwambia, mbele ya watu tisa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilifunga studio. Mashine ya kusaga iko kwenye banda la mabati, na kelele yake unaikuta toka barabarani. Mdogo wangu alikuwa ameweka mkono kwenye mdomo wa bomba, unga unampita vidoleni, kichwa kimeinama upande. Sijafika hata kizingitini akasema, "Dada."

"Umejuaje?"

"Viatu. Unakanyaga kama ardhi imekuudhi."

Mwenye mashine, mzee mfupi, alimwambia pumzika. Tukakaa kwenye magunia.

Nikasema, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho yako."

Hakushangaa. Alijipangusa unga. "La kulia mwaka wa tatu. La kushoto linafuata polepole."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Studio ya picha, mshika taa haoni. Ungefanyaje?"

"Ningekupeleka hospitali siku ile ile."

"Ungenipeleka. Na njiani ungemwambia fundi, fundi angewaambia wateja, na kila anayekuja kupigwa picha angekaa kunitazama mimi. Huruma yako, dada, ina kelele."

Nilitaka kukataa nikashindwa. Ndivyo nilivyo.

"Nilikuwa nasikiliza tu," akasema. "Ikilia mara moja, hatua mbili kushoto. Ikilia tena, juu. Ya tatu, mzaha. Siku ulipoileta hii nikawa sijui tumefika wapi. Najua taa inawaka, najua kuna mtu kitini, basi. Nakungoja wewe useme, na wewe unanuna."

"Ungesema niwashe sauti."

"Nilikuuliza inasemaje ikipiga. Ukacheka."

Mashine ilikuwa inaunguruma, nikamsogelea sikioni. Nilimwomba radhi. Niliiomba kwa lile neno la siku ile, nikalirudia lote kama lilivyokuwa, nisije nikajifanya nimesahau nusu. Akasikiliza akitazama sakafu.

"Lile la kwamba mashine inaona," akasema, "lilikuwa kweli. Ndiyo maana liliuma."

Nikamweleza habari za muuguzi na siku za kliniki. Akasema hataki kisu jichoni. Nikasema wameniambia ni dakika chache. Akasema, "Wewe umeambiwa. Jicho ni langu." Tukaachana hivyo. Alirudi kwenye bomba lake, nami nikarudi nyumbani na unga kwenye sketi.

Jumapili, 28 Aprili

Sijampigia simu. Namwachia nafasi. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye mdomo wangu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimewasha sauti. Nilikuwa peke yangu studio, nikapiga kiti kitupu mara nne. Kushoto, juu, mzaha, picha.

Ijumaa, 3 Mei

Fundi ameuliza tena. Nikamwambia kila kitu, kisha nikakumbuka kelele ya huruma yangu na nikamwapisha asimwambie mtu. Akaniapia kwa cherehani yake. Akasema, "Basi nimeshinda, umejuta."

Nikamwambia nimejuta mengi, ila kamera siijutii. Ile ya zamani isingemtia aibu mdogo wangu, lakini pia isingelionyesha jicho lake kwa yeyote. Angekwenda hivyo hivyo na mlio wake mpaka giza limkute kabisa, mimi nikiwa pembeni yake nakula naye mchana. Kamera iliniambia siku ya pili tu. Mimi ndiye niliyeibandika dirishani nikaipa kisogo. Fundi aliinamia sindano yake.

Alhamisi, 9 Mei

Mzee wa mashine amekuja mwenyewe, akiwa na mwavuli usio na mpini. Amesema, "Kijana wangu amekubali. Kliniki Jumatano. Amesema uje, lakini usiongee njiani." Nimeliona lile neno, kijana wangu. Mdogo wangu ana miaka arobaini na minne.

Jumatano, 15 Mei

Sikuongea njiani. Waliniacha kwenye benchi la nje kwa saa mbili. Alitoka na pamba kubwa jicho la kulia, ameshika ukuta, akasema amesikia mlio mdogo mle ndani, kama wa mbu anayeimba. Nikamlaza kwangu. Nimemsikiliza anavyopumua chumba cha pili.

Alhamisi, 16 Mei

Tulirudi kliniki asubuhi. Muuguzi aliibandua pamba, akamfuta, akamwambia afumbue taratibu. Akafumbua. Machozi yakamtoka, akapepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma. Kisha akanigeukia.

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Kazi yangu ni kuwaambia wengine wafanye nini na nyuso zao.

"Dada," akasema, "umezeeka."

Muuguzi akaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikawa silii wala sicheki.

"Na una mvi hapa na hapa," akasema, akiigusa. "Nilikuwa nakujua ulivyokuwa zamani. Kumbe wewe ulikuwa unaendelea."

Nje, kwenye ngazi, nilimuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kutouliza, nikauliza. Nilisema taa yake iko pale pale chini ya kiti, na sauti nimeiwasha, na nitasema kila hatua, na sitanuna tena.

"Hapana, dada," akasema. "Sirudi."

"Kwa sababu ya lile neno?"

"Lile nimekusamehe. Toka siku uliyolirudia lote." Akawa anatazama watu wakipita, mmoja baada ya mwingine, na nguo zao. "Wiki ya kwanza kule nilimwaga debe zima la unga wa watu. Mzee akazima mashine, akaja akaniuliza, 'Kuna nini, kijana wangu?' Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alikuwa wa kwanza kuuliza."

Tulishuka ngazi, na alizihesabu kwa furaha.

Jumatano, 22 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Ghafla ni vumbi. Nimepeleka lenzi iliyopinda kwa fundi wa kamera. Amesema itakuwa nzima, ila alama itabaki.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekatika, kwa hiyo hili ni andiko la mwisho, na daftari fundi halisomi. Nimemwambia ameshinda, nimemnunulia soda.

Leo asubuhi mdogo wangu alikuja. Mzee anataka kumwandikisha rasmi, na karatasi inahitaji picha mbili. Nilimkuta kwenye benchi la nje amekaa nyuma ya wasichana wawili wa shule. Nikamwita aingie kwanza. Akasema, "Wametangulia hawa," akabaki amekaa.

Zamu yake ilipofika akakaa kitini, akanyoosha kola. Kijisanduku cha kijani kikamkamata jicho la kulia. Nikapiga mara nne, kwa sauti. Alinitazama mimi muda wote, si kamera, nami sikumsahihisha. Aliichagua ya kwanza, ambayo hajacheka. Akasema la kushoto atakwenda mwezi wa saba, na safari hii atakwenda mwenyewe, nisiache kazi. Akasema Jumapili nije kwake nile, na nibebe chumvi, hana. Akachukua bahasha.

Nilitoka naye hadi mlangoni. Alivuka barabara, akapita duka la vifaa, akapita kibanda cha mhunzi, mpaka pale njia inapokata kwenda sokoni, mbali, mahali ambapo mimi mwenyewe kwa macho yangu namwona mtu kama kijiti. Nilikuwa nimesimama tu, sikuita, sikupunga. Pale kwenye kona akageuka. Akainua mkono na bahasha ndani yake.

Alikuwa ameniona toka kule.